Mkubwa na Aseme Mwisho



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo kila aliyepata kuajiriwa amelishuhudia, nalo ni hili: kwamba mahali pa kazi penye watu kumi wenye akili timamu, ambao kila mmoja wao akiwa kwake au barazani kwa sahibu zake huwa na maneno tele ya kusema juu ya namna kazi hiyo ingeweza kufanywa vizuri zaidi, hupita miezi na miaka pasizuke fikira mpya hata moja, na mkubwa wa mahali hapo akiulizwa sababu, hujibu kwamba watu wake ni wazito, hawana ubunifu, na kwamba yeye peke yake ndiye anayefikiri kwa ajili ya wote.

Rai yangu ni kwamba mkubwa huyo huwadhulumu watu wake. Fikira wanazo, kwani akili, kama wasemavyo wahenga, ni nywele, kila mtu ana zake. Kinachozizuia zisitoke ni namna vikao vinavyoendeshwa, nani huanza kusema, nani hungoja, na ni lipi humpata yule anayethubutu kusema lisilotazamiwa. Mambo haya yamechunguzwa na wataalamu wa tabia za wanadamu kwa muda wa zaidi ya miaka sabini, na waliyoyaona yafaa kujulikana na kila mwenye watu chini yake, awe mkuu wa idara, mwalimu mkuu, au mwenye karakana ya mafundi watano.

Hebu tukitazame kwa karibu kikao kimoja cha namna hiyo, ambacho hakina haja ya kutajiwa mji, maana kimo katika kila mji. Ni Jumatatu asubuhi katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Mauzo yameshuka, na wafanyakazi wameitwa chumba cha mikutano. Meneja ameketi kwenye kichwa cha meza, kuliani kwake yuko msaidizi wake, kushotoni mhasibu, kisha wengine kwa daraja zao mpaka mwisho wa meza karibu na mlango, alipoketi karani wa ghala, daftari lake mapajani. Meneja, naye ni mtu mwema asiyemtakia mtu shari, anafungua kikao kwa kusema, "Jamani, leo nataka mawazo mapya, kila mtu awe huru, mimi kwa upande wangu naona dawa ni kupunguza bei, lakini nanyi semeni." Kimya kinapita. Msaidizi anasema anaunga mkono. Mhasibu anasema naye anaunga mkono, ila bei isipunguzwe mno. Wa nne anasema kwamba yake yamekwisha semwa na waliotangulia. Yule karani wa ghala, ambaye ndiye anayeonana na wateja kutwa, anajua kwamba wanaokimbia hawakimbii bei, bali wamechoshwa na kungoja juani saa mbili nzima ili hati ya kutolea mzigo ipitishwe ofisi tatu kutiwa sahihi; lakini zamu inapomfikia, bei imekwisha kuwa ndiyo mazungumzo, na neno la hati litaonekana kama la mtu asiyefuata shauri lililopo. Anasema, "Sina la kuongeza, mheshimiwa." Mchana, kwa mama ntilie, analieleza lote kwa ufasaha, wenziwe wakimwitikia, na huko ndiko linakoishia.

Katika watu waliojaribu mapema kuutafutia ugonjwa huu dawa alikuwako Mmarekani Alex Osborn, mmoja wa wakuu wa kampuni ya matangazo ya biashara iitwayo BBDO, ambaye kitabu chake cha mwaka 1953, Applied Imagination, kiliieneza sana desturi tunayoiita leo bungua bongo. Masharti yake yalikuwa manne: asilaumiwe mtu kwa alilosema; hata la kichekesho lipokelewe; yatafutwe mengi kwanza kabla ya kuchagua mazuri; na kila mmoja awe huru kulichukua la mwenziwe akalitengeneza likapendeza zaidi. Osborn alishikilia kwamba mtu wa kawaida akiwa katika kundi huweza kutoa fikira mara mbili ya zile ambazo angezitoa peke yake, na ofisi nyingi zikamsadiki, kwa kuwa dai lenyewe linapendeza, na tena linaafikiana na ile mithali yetu kwamba penye wengi pana mengi.

Mwaka 1958 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Donald Taylor, Paul Berry na Clifford Block, walilitia dai hilo mizanini. Waliwapa watu mafumbo ya kubunia majibu, wengine wakiwa makundi ya wanne wanne waliokaa pamoja kwa masharti yale yale ya bungua bongo, na wengine kila mtu peke yake. Kisha majibu ya wale wa peke yao wakayakusanya wanne wanne, wakayaondoa yaliyojirudia, wakahesabu. Ikaonekana kwamba wanne waliofanya kazi kila mtu kivyake walipata takriban mara mbili ya wanne waliokaa pamoja. Osborn alikuwa ameipata hesabu sawasawa, ila aliiandika upande usio wake.

Sababu ya jambo hilo ilipekuliwa kwa subira mwaka 1987 na Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani. Wao walishuku mambo matatu: huenda watu wakiwa pamoja huoneana haya, huenda hutegeana, au huenda mushkili ni kule kungojana zamu tu, maana kikaoni hawawezi wawili kusema kwa wakati mmoja wakasikilizana. Katika jaribio lao mojawapo waliwaweka watu katika vyumba mbalimbali, wakawawekea taa zinazoonyesha kwamba mwenzao fulani anasema, na sharti likawa kwamba taa ya mwenzio ikiwaka wewe unyamaze, hata kama humsikii asemalo. Hapakuwa na uso wa kutazamwa wala sauti ya kuchanganya, palikuwa na kungoja tu, na kungoja huko kulitosha kuzipunguza fikira vibaya sana. Kwani fikira changa haina subira: mwenye nayo angojapo zamu, ama huishikilia isimponyoke, akawa hawezi kuzaa nyingine, ama humsikiliza anayesema, na ile yake ikayeyuka.

Sasa tazameni jambo hilo linavyozidi uzito kwetu sisi, ambao tumelelewa kwa adabu ya kumtanguliza mkubwa katika maneno kama tunavyomtanguliza katika chakula. Huko Tübingen watu walingoja sekunde na dakika; karani wetu wa ghala anangoja mpaka daraja zote zilizo juu yake ziishe, na zikiisha, saa ya kikao nayo imekwisha.

Tiba yake ni nyepesi hata mtu huona haya kuiita tiba. Kabla ya yeyote kufungua kinywa, kila aliyeketi apewe karatasi na robo saa ya kimya, aandike yake. Kisha karatasi zikusanywe, zichanganywe, zisomwe moja moja pasipo kutajwa mwenyewe, ndipo mazungumzo yaanze. Na watu wa pwani hatuna haja ya kulipokea jambo hili kama geni, maana washairi wetu wamelitenda kwa muda wa karne mbili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipolumbana na washairi wa Lamu, hawakuketi jamvi moja wakikatizana maneno. Mtu alitunga shairi lake kwao, mizani na vina vikatimia, ndipo akalitoa likajibiwe. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilipowafungulia washairi kurasa zake, desturi hiyo iliendelea kwa njia ya posta: mtu wa mji mmoja akauliza kwa beti, wa mji mwingine akajibu kwa beti, na wa tatu asiyejuana na wote wawili akaingia kati. Walijitenga ili watunge, wakakutana ili wajibizane, na malumbano yale yalikuwa makali kuliko kikao chochote cha ofisi nilichopata kukiona.

Lakini kungoja ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni hofu, na hofu ninayoikusudia si ya kufukuzwa kazi, ambayo kila mtu aijua, bali ni ile hofu nyembamba ya kuwa peke yako. Mwanachuoni Solomon Asch, katika majaribio yake yaliyotangazwa tangu mwaka 1951, alikuwa akimketisha kijana mmoja pamoja na wengine kadhaa mbele ya kadi mbili: moja ina mstari mmoja, ya pili ina mistari mitatu ya urefu mbalimbali, na swali ni upi katika ile mitatu unaolingana na ule mmoja. Jambo lenyewe liko wazi kwa mtoto. Ila wale wengine wote walikuwa wamepangwa, na katika zamu nyingi walijibu kwa kauli moja jibu lisilo kweli, na yule kijana asiye na habari aliwekwa akajibu karibu na mwisho. Takriban theluthi moja ya majibu ya vijana hao katika zamu hizo yalifuata uwongo wa wenzao, na katika kila vijana wanne, watatu walifuata walau mara moja. Ikiwa mtu huyakana macho yake mwenyewe kwa ajili ya wageni ambao hatawaona tena, seuze karani mbele ya meneja anayeandika ripoti yake ya mwisho wa mwaka?

Na sasa sikilizeni sehemu ambayo aghalabu husahauliwa na wanaolisimulia jaribio hilo. Asch alipomweka kikaoni mtu mmoja tu wa kusema kweli, makosa ya vijana yalishuka mpaka karibu robo ya yalivyokuwa. Tena alipomweka mtu anayekhitilafiana na kundi, lakini yeye naye akiwa amekosea, hata zaidi ya kundi lenyewe, makosa yalishuka vilevile. Maana yake, mkhalifu hafai kwa usahihi wa kauli yake peke yake, bali kwa ule mlango anaoufungua wengine wapite. Kwa hiyo, mkubwa anayemcheka wa kwanza kutoa rai ya ajabu, hata kama rai hiyo kweli ni ya kuchekwa, amewafunga vinywa wale watano waliokuwa wakimtazama ili wajue kama kuna usalama.

Kwamba mambo haya hayakai vyumba vya majaribio peke yake, ulimwengu ulipata kuyaona mahali ambapo makosa yake yangeweza kutuangamiza sote. Aprili 1961 Rais John Kennedy wa Marekani na washauri wake, watu waliosifika kwa elimu, waliridhia mpango wa kuwapeleka wakimbizi wa Kikuba wapatao 1,400 wakaivamie nchi yao katika Ghuba ya Nguruwe. Mambo yakaharibika kwa muda wa siku tatu, na zaidi ya 1,100 wakatekwa. Arthur Schlesinger, mmoja wa waliohudhuria vikao vile, aliandika baadaye jinsi alivyojilaumu kwa kunyamaza, ilhali mashaka alikuwa nayo. Oktoba 1962, yalipoonekana makombora ya Warusi huko huko Kuba, Kennedy aliwaita washauri ambao wengi wao walikuwa wale wale, lakini akaubadili mwendo wa vikao: baadhi yake hakuhudhuria, kwa makusudi, ili watu waseme bila ya kuutazama uso wake; na washauri wakagawanywa makundi, kila kundi likaandika shauri lake, kisha wakabadilishana karatasi ili kila kundi likosoe la mwenzake. Likapatikana shauri la kuizuia Kuba kwa manowari, lililokuwa katikati ya kushambulia na kunyamaza, na vita havikutokea. Akili za watu hazikuongezeka kwa miezi kumi na minane. Kilichobadilika ni kiti cha mkubwa, kilichoachwa wazi kwa muda.

Yupo atakayeniuliza: basi wakiisha sema, yatosha? Haitoshi, kwa sababu watu hawasahau lililompata aliyesema jana. Mtaalamu Amy Edmondson, katika miaka ya 1990, alichunguza vikosi vya wauguzi hospitalini, akitazamia kwamba vikosi vyenye uongozi mwema vingekuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta kinyume, kwamba vile vilivyo vizuri ndivyo vilivyoonekana kuwa na makosa mengi. Alipozidi kuchungua akatambua kwamba huenda makosa hayakuwa mengi zaidi, ila yalikuwa yakisemwa, kwa kuwa muuguzi aliyekosea hakuaibishwa mbele ya wenziwe. Na palipo na kiongozi mkali, makosa yalifichwa. Nasi tukumbuke kwamba rai mpya na kosa ni ndugu wa baba mmoja, kwani kila jambo jipya hujaribiwa kwa kukosea, na mahali ambapo kosa ni fedheha, mwenye busara hajaribu kitu.

Wako wakubwa wengine wanaodhani kwamba mkato wa haya yote ni fedha: atakayeleta fikira bora mwezi huu atapewa bahasha. Hapa nawaombeni mjihadhari. Karl Duncker, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alibuni fumbo ambalo limekuwa mashuhuri: mtu anapewa mshumaa, kibiriti, na kisanduku kilichojaa pini za kubandikia karatasi ubaoni, aambiwe ausimamishe mshumaa ukutani uwake. Jawabu ni kuzimwaga pini, kukipigilia kile kisanduku ukutani, na kuusimamisha mshumaa juu yake. Lakini watu hukiona kisanduku kuwa ni chombo cha pini tu, wakakaa wakiupigilia mshumaa kwa pini bure. Mwaka 1962 mwanasaikolojia Sam Glucksberg aliwaahidi baadhi ya watu fedha kwa kulifumbua upesi, na wengine hakuwaahidi kitu. Walioahidiwa walichelewa kwa dakika tatu na zaidi. Pini zilipokuwa zimetolewa kisandukuni tangu mwanzo, hata jawabu likawa karibu na macho, hapo walioahidiwa fedha walikuwa wepesi zaidi. Basi bahasha humkazia mtu macho kwenye njia aliyokwisha kuiona, na hilo lafaa sana katika kazi ya kupakia magunia. Katika kazi ya kutafuta njia isiyoonekana, laweza kuwa kizuizi.

Linalowafanya watu waendelee kutoa fikira ni kuona zimefika na zimejibiwa. Kampuni ya Toyota, ambayo magari yake yamejaa katika barabara zetu, ilianza mwaka 1951 utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi, baada ya wakuu wake kwenda Marekani mwaka uliotangulia na kuuona utaratibu kama huo katika viwanda vya Ford. Fikira zilizopokelewa aghalabu zilikuwa ndogo ndogo, mathalan kukisogeza chombo cha kazi hatua mbili karibu na fundi. Kila moja ikasomwa, ikapatiwa jibu, na iliyofaa ikatendwa. Nasi masanduku ya maoni tunayo, yametundikwa ukutani karibu na mlango wa kila ofisi, kufuli juu yake, na ufunguo wake haujulikani uliko.

Najua liko pingamizi moja ambalo halina budi kujibiwa, nalo ni la heshima. Watasema wazee wetu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba ofisi ambayo karani humkhalifu meneja mbele ya watu ni ofisi iliyokwisha potea. Nami sitaki heshima ivunjwe, ila naona ifaa tutenganishe saa ya shauri na saa ya amri. Katika saa ya amri, mkuu akiisha kukata neno, wote na walifuate, hata waliopinga, na hapo ndipo mithali ile ina mahali pake. Lakini katika saa ya shauri, mkuu anayetangulia kusema amejinyima mwenyewe, kwa kuwa atasikia mwangwi wa maneno yake akaudhania kuwa ni kauli ya watu. Na mithali nyingine ya wazee wale wale yasema mkubwa ni jaa, yaani hana budi kuyapokea yote, mazuri na mabaya, na asichafukwe na moyo. Tena taadhima haipungui: karatasi isiyo na jina haimvunjii mtu heshima, na mkubwa anayesema mwisho husikilizwa kwa makini zaidi, maana yeye peke yake ndiye aliyekwisha sikia ya wote.

Basi kama wewe unayenisikiliza una watu chini yako, hata wawe watatu, katika kikao chako kijacho litaje tatizo bila ya kutaja dawa uliyonayo moyoni, gawa karatasi, nyamaza robo saa, kisha waanze kusema walioketi karibu na mlango. Wa kwanza atakayesema la kukupinga, mshukuru kwa jina mbele ya wenziwe, hata kama hukubaliani naye, na kabla ya juma kwisha mwambie limefikia wapi lile alilolisema. Ukifanya hivyo mara moja watashangaa, na mara ya pili watakushuku. Endelea tu mpaka waamini, kwa kuwa watu walionyamazishwa kwa miaka mingi hawasemi kwa siku moja. Na wewe ambaye ndiwe karani wa ghala, ile habari ya hati za kutolea mzigo iandike leo hii kabla hujalala, uwe nayo tayari mfukoni.